Bampa la chuma humweza punda, kwa ngamia hulemewa

NYANYA hazingoji. Mfanyabiashara aliyezipakia kwenye pikapu huko Kimana, Kaunti ya Kajiado, anajua kwamba zisipofika Nairobi kabla ya mapambazuko, bei yake itakuwa imeshuka. Kwa hivyo huondoka jioni, jua linapotua. Barabara ya kutoka Loitokitok hadi Emali inakatiza nyanda ambazo wanyama wa Amboseli huvuka wapendavyo, kwa kuwa pundamilia hatambui mpaka wa mbuga wala haki ya dereva barabarani.

Tuseme pikapu hiyo inakwenda kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa. Taa zinamulika ubavu wa pundamilia mita 50 mbele. Dereva anakanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini nafasi haitoshi. Bampa la plastiki linapasuka, taa zinavunjika, rejeta linasukumwa hadi kwenye feni na maji yake yanamwagika barabarani. Dereva anatoka akiwa mzima, ila gari haliendi popote, giza limeingia, na nyanya zinaendelea kuiva ndani ya masanduku.

Msafiri yeyote wa Kenya anaweza kutaja barabara nyingine zenye hatari ya aina hiyo. Kati ya Mtito Andei na Voi, barabara kuu ya Mombasa imepita katikati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Karibu na Naivasha, Gilgil na Elementaita, pundamilia huonekana wakilisha kando ya lami. Kwenye barabara ya Isiolo, Marsabit na Moyale, ngamia ni wengi kuliko magari katika sehemu nyingi. Na karibu kila mahali nchini, kuna punda na ng'ombe.

Ndiyo sababu wenye pikapu wengi huamua kuondoa bampa la plastiki lililotoka kiwandani na kufunga bampa zito la chuma, lenye mabomba yaliyopanda hadi usawa wa boneti. Wengine hulinunua dukani, wengine huagiza kwa fundi wa jua kali. Kwa wote gharama si ndogo, na aghalabu anayelipa huwa hajaelezwa kinaganaga anachonunua.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulifahamu ni hili: bampa la chuma limeundwa kulinda rejeta, taa na feni ili gari liweze kuendelea na safari baada ya kugonga mnyama wa wastani. Halikuundwa kuokoa maisha ya dereva, na kwa wanyama fulani halina msaada wowote. Anayelinunua akidhani kwamba sasa ana idhini ya kuongeza kasi amenunua hatari.

Mnyama yupi, bampa lipi

Mabampa ya aina hii yalipata umaarufu kwanza nchini Australia, ambako magari husafiri mamia ya kilomita jangwani bila kuona gereji, na ambako kangaruu na ng'ombe huvuka barabara usiku. Lengo lilikuwa moja: dereva asikwame nyikani kwa sababu ya rejeta lililotoboka.

Nchini Marekani, wenye pikapu huyanunua zaidi kwa hofu ya paa mwenye mkia mweupe. Visa vya kumgonga mnyama huyo huongezeka kati ya Oktoba na Desemba, msimu wa madume kuwafukuzia majike. Uzani wake kwa kawaida ni kati ya kilo 50 na 130. Kwa hivyo, bampa lililoagizwa kutoka ng'ambo na kusifiwa kwamba linahimili paa wa Marekani limepimwa dhidi ya mnyama anayekaribiana na swala pala wetu, mwenye kilo 40 hadi 75, au kongoni mdogo. Pundamilia wa kawaida ana kilo 200 hadi 300 na zaidi. Punda-milia wa Kaskazini, yule mwenye mistari myembamba anayepatikana Samburu, Isiolo na Marsabit, anaweza kufika kilo 450.

Uzani, hata hivyo, ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni urefu wa miguu.

Mnyama ambaye kiwiliwili chake kiko usawa wa bampa na boneti hugongwa mwilini. Nguvu ya mgongano hupita kwenye chuma, hushuka hadi kwenye chesisi, na mnyama husukumwa mbele au kando. Swala pala, ngiri, mbuzi, kondoo, ndama na punda wako katika kundi hili, na hapo ndipo bampa zuri hustahili bei yake. Pundamilia na ng'ombe wako mpakani: bampa imara likisaidiwa na kasi ndogo linaweza kuokoa rejeta, lakini kasi ikiwa kubwa mnyama hupanda juu ya boneti.

Ngamia na twiga ni habari nyingine. Tumbo la ngamia mkubwa liko juu ya boneti ya pikapu nyingi. Bampa humgonga miguuni, miguu hufagiliwa, kisha mwili wa kilo 400 hadi 600 huanguka moja kwa moja kwenye kioo cha mbele na paa la gari, mahali ambapo pameketi watu. Kwa twiga, ambaye dume lake hupita kilo 1,000 na miguu yake pekee humpita mtu mrefu, mambo ni mabaya zaidi. Katika ajali kama hiyo rejeta linaweza kubaki zima huku abiria wakiangamia.

Nyati, kiboko na tembo hawahitaji maelezo marefu. Nyati dume ana kilo 500 hadi 800, kiboko hupita tani moja, na tembo huhesabiwa kwa tani kadhaa. Hakuna bampa la pikapu linaloweza kuwahimili bila kuhatarisha waliomo ndani.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani lisiwe kuhusu bei wala urembo. Mnunuzi ajiulize ni mnyama gani hasa anayekutana naye njiani. Anayesafiri baina ya Nakuru na Nairobi, akihofia punda na pundamilia, ana sababu ya kununua bampa zito. Anayesafiri kati ya Garissa na Wajir, akihofia ngamia, atafaidika zaidi akitumia fedha hizo kununua taa bora, magurudumu mapya na breki nzuri, na kupanga safari zake mchana.

Hesabu ya kasi

Nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na kasi, bali kwa mraba wake. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nguvu maradufu ya lile linalokwenda kilomita 70, ingawa tofauti ya kasi ni kilomita 30 tu. Bampa lililohimili punda kwa kasi ya 60 laweza kukunjika kama karatasi kwa kasi ya 100, na fundi aliyelitengeneza asilaumiwe.

Zingatia pia umbali wa kusimama. Dereva aliye macho huchukua takriban sekunde moja na nusu kuona hatari, kuielewa na kukanyaga breki. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, gari litakuwa limesonga mita 25 katika muda huo, kisha litahitaji mita 20 hivi za breki kwenye lami kavu. Jumla ni kama mita 45.

Kwa kasi ya kilomita 90, muda huo huo wa kutafakari humeza mita 37 na nusu, na breki huhitaji mita 45 zaidi. Jumla hupita mita 80. Taa zilizoinamishwa ili zisimwumize macho dereva anayekuja, nazo huangaza vyema umbali wa takriban mita 50 tu.

Maana yake ni kwamba mfanyabiashara wetu wa nyanya, aliyemwona pundamilia akiwa mita 50, alikuwa na mita 12 tu za kupunguza mwendo. Atakuwa amemgonga akiwa bado kwenye kasi ya zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Angekuwa anakwenda 60, angesimama mita chache kabla ya kumfikia. Na hesabu hiyo ni ya gari lenye magurudumu mazuri na mzigo wa wastani. Pikapu iliyosheheni, yenye magurudumu yaliyolika, huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Aina za mabampa

Yanayouzwa sokoni yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

La kwanza ni bomba jembamba la umbo la U linalofungwa mbele ya bampa la plastiki bila kuliondoa. Mara nyingi hupakwa rangi ya fedha inayong'aa. Uzani wake ni mdogo, na kazi yake halisi ni kushikilia taa za ziada na kuzuia mikwaruzo kwenye maegesho. Likigongwa na mnyama mkubwa husukumwa nyuma hadi kwenye rejeta, na hapo madhara huzidi yale ambayo yangetokea kama lisingekuwapo. Wengi waliolalamika kwamba mabampa ya chuma hayafai walikuwa na bomba la aina hii.

La pili ni bampa kamili la chuma linalochukua nafasi ya lile la kiwandani. Huwa na bamba la chini, mbawa za kando zinazokinga pembe za gari, na mabomba yanayopita mbele ya taa na rejeta. Uzani wake aghalabu ni kati ya kilo 50 na 80. Hili ndilo linalostahili kuitwa kinga dhidi ya wanyama. Faida yake nyingine kwa Mkenya ni kwamba likipinda, fundi mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kulinyoosha hata katika mji mdogo.

La tatu ni la aluminiamu. Ni jepesi kuliko la chuma na halishiki kutu, jambo linalowafaa wakazi wa Pwani, ambako upepo wa bahari wenye chumvi hula chuma upesi. Kasoro yake ni bei na ugumu wa kulikarabati. Aluminiamu ikipasuka huhitaji mashine na ujuzi maalumu wa kuchomelea, na si kila karakana iliyo na vitu hivyo.

La nne ni la plastiki nzito, lililobuniwa Australia. Likigongwa kwa kiasi hubonyea kisha hurudi katika umbo lake, na kwa anayetembea kwa miguu lina nafuu kuliko chuma. Nchini Kenya si rahisi kulipata.

Siri iko kwenye mshikizo

Mnunuzi hutazama mabomba, ilhali anayejua hulala chini ya gari akatazama mshikizo. Bampa ni imara kwa kadiri ya kile lilichofungiwa. Likifungwa kwenye bati la bodi au kwenye vishikizo vyepesi vya bampa la plastiki, litang'oka au litarudi nyuma hata kama bomba lenyewe halikupinda.

Bampa la kweli hufungwa kwenye ncha mbili za chesisi kwa vipande vya chuma kinene na bolti ngumu. Bolti za kuaminika huwa zimeandikwa namba 8.8 au zaidi kichwani. Zisizo na namba yoyote zisikubaliwe. Fundi anayependekeza kulichomelea bampa moja kwa moja kwenye chesisi asiruhusiwe. Joto la kuchomelea hubadili ugumu wa chuma cha chesisi, na baada ya ajali haiwezekani kuliondoa bampa bila kukata. Aidha, uchomeleaji wowote ukifanywa karibu na gari, waya za betri ziondolewe kwanza, la sivyo umeme waweza kuunguza kompyuta ya injini.

Tazama pia nafasi iliyopo kati ya bomba la juu na boneti. Chuma chochote kikigongwa husogea. Pasipokuwa na upenyo wa kutosha, mgongano mdogo utakunja boneti na kubana grili. Bomba la juu lifike usawa wa ukingo wa boneti, lakini lisipande kiasi cha kuziba macho ya dereva, hasa katika magari ambayo kiti chake kiko chini.

Kwa anayeagiza kwa fundi, kuna mambo machache ya kukagua kabla ya rangi kupakwa, kwa sababu rangi huficha mengi. Mshono wa kuchomelea uwe umezunguka bomba lote, usiwe wa madoa madoa. Bomba lenyewe lipimwe unene wa ukuta wake: la milimita moja na nusu ni la urembo, la milimita tatu lina kazi ya kufanya. Pawe na matundu madogo chini ya kila bomba ili maji ya mvua yatoke, maana kutu huanzia ndani mahali ambapo jicho halifiki.

Mafundi wa maeneo kama Kariobangi Light Industries jijini Nairobi wana uwezo wa kutengeneza kazi ya kudumu miaka mingi. Hata hivyo, mteja anayetaka bei ya chini kabisa humlazimisha fundi kupunguza unene wa chuma, kwa kuwa hapana mahali pengine pa kupunguzia.

Mzigo mbele, mfuko wa hewa ndani

Bampa la kilo 70 likiongezewa winchi ya kilo 40, pikapu inakuwa imebebeshwa kilo 110 mbele kabisa, nje ya ekseli ya mbele. Ni sawa na watu wawili wembamba kuketi juu ya bampa katika kila safari. Springi huinama, pua ya gari hushuka, magurudumu ya mbele hulika haraka, na taa hubadili mwelekeo. Anayefunga bampa zito akague springi za mbele, arekebishe taa upya na kupima mwelekeo wa magurudumu. Asiyehitaji winchi asiinunue.

Jambo lililo nyeti zaidi ni mifuko ya hewa. Pikapu za zamani zilizojaa kwenye barabara za Kenya, kama vile Peugeot 504 na Datsun 1200, hazikuwa nayo. Za kisasa, kama Toyota Hilux na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni, zinayo. Mifuko hiyo huamriwa kufunguka na vihisi vinavyopima jinsi gari linavyopoteza mwendo ghafla. Sehemu ya mbele ya gari nayo imeundwa ikunjike kwa utaratibu ili ipunguze kishindo kabla hakijamfikia dereva.

Bampa gumu kupita kiasi huvuruga mpango huo. Laweza kupeleka kishindo moja kwa moja kwenye chesisi, mfuko ukafunguka kwa mgongano mdogo usiostahili, au ukachelewa wakati unahitajika. Watengenezaji makini wa ng'ambo, wakiwemo ARB wa Australia, huunda mabampa yenye vishikizo vinavyokunjika na kuyalinganisha na kila aina ya gari. Anayenunua kwa ajili ya gari lenye mifuko ya hewa aulize waziwazi kama bampa hilo lilitengenezewa modeli yake. Muuzaji anayesema kwamba linaingia kwenye pikapu zote amekwisha kujibu swali hilo.

Magari mapya zaidi yana pia rada au kamera inayofunga breki yenyewe hatari inapotokea. Rada hiyo mara nyingi hukaa nyuma ya grili au ndani ya bampa la mbele. Bomba la chuma likipita mbele yake, mfumo hupofuka. Itakuwa kinaya kuondoa kifaa kinachoepusha mgongano ili kufunga kile kinachousubiri.

Hatimaye kuna mambo yanayoonekana madogo: namba ya usajili isizibwe, taa na viashirio visifunikwe, na hewa ipite vya kutosha kufikia rejeta. Bampa lililojazwa taa nyingi za ziada mbele ya grili hupandisha joto la injini kwenye miinuko. Vilevile, pawe na ndoano mbili zilizofungwa kwenye chesisi kwa ajili ya kuvutwa gari linapokwama. Kamba ya kuvutia isifungwe kamwe kwenye bomba la juu, kwani likichomoka wakati wa kuvutwa huruka kama jiwe la teo.

Na anayetembea kwa miguu?

Pikapu inayopita kwa pundamilia wa Kimana saa moja usiku ndiyo hiyo hiyo itakayopita katika mji wa Emali muda mfupi baadaye, kati ya watoto, wauza matunda na waendeshaji wa bodaboda. Hapa ndipo suala la bampa huacha kuwa la mwenye gari peke yake.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,000 walifariki barabarani nchini katika kila mwaka kati ya 2021 na 2024. Wanaotembea kwa miguu ndio walio wengi miongoni mwao. Bampa la plastiki na boneti ya bati hubonyea kiasi zinapomgonga mtu. Bomba la chuma halibonyei. Nguvu yote hukusanywa mahali pembamba, na kwa mtoto mahali hapo huwa kifua au kichwa.

Kwa sababu hiyo mataifa kadhaa yamechukua hatua. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2005 zinazotaka vikingio vya mbele vipimwe ili ijulikane madhara yake kwa wapita njia kabla ya kuuzwa. Australia, iliyoyazoea mabampa haya kuliko nchi yoyote, ilitoa kiwango chake mwaka 2002. India nayo iliziagiza serikali za majimbo mnamo Desemba 2017 kuwachukulia hatua wanaoyafunga kwenye magari.

Maamuzi hayo hayana maana kwamba mfugaji wa Laikipia au mhudumu wa afya wa Marsabit hana haja ya bampa imara. Maana yake ni kwamba anayeishi mjini na kuendesha gari lake kati ya nyumbani na ofisini hana sababu ya kulibeba, na anayelihitaji achague lenye pembe za mviringo, lisilo na ncha wala vyuma vilivyochomoza, na lililoinama kidogo kuelekea nyuma. Kabla ya kulifunga, aizungumzie kampuni yake ya bima na wakaguzi wa magari. Badiliko lisilotangazwa laweza kuwa kisingizio cha kutolipwa fidia siku ya mkasa. Ikumbukwe pia kwamba bima ya mtu wa tatu hailipi uharibifu wa gari la mwenye bima. Ni bima kamili pekee inayoweza kufidia rejeta lililovunjwa na pundamilia.

Kinga isiyonunuliwa

Wanyama wengi huvuka barabara alfajiri na magharibi, wakienda majini au malishoni. Asiye na budi ya kusafiri saa hizo apunguze mwendo hadi aweze kusimama ndani ya mwanga wa taa zake. Akiona pundamilia mmoja amevuka, atarajie wengine nyuma yake, kwani hutembea kwa makundi. Akiona macho yanayong'aa kando ya lami, ashushe taa na kupiga honi, kwa sababu taa kali humduwaza mnyama akasimama pale pale.

Vipo pia vifirimbi vidogo vinavyobandikwa kwenye bampa, ambavyo wauzaji hudai kwamba upepo ukivipuliza hutoa sauti ya kuwafukuza wanyama. Majaribio yaliyofanywa Marekani hayakuthibitisha madai hayo. Fedha zake ni heri zinunue mafuta.

Mnyama akitokea ghafla, shauri la wataalamu wa uendeshaji ni kukanyaga breki kwa nguvu huku usukani umenyooka. Kukwepa kwa ghafla kumewapindua wengi, hasa kwenye pikapu isiyo na mzigo ambayo nyuma yake ni nyepesi. Wengine hukwepa swala wakaishia mbele ya lori. Ngamia na twiga, kwa sababu ya hatari yao kwa walio ndani, ndio wanaostahili kukwepwa ikiwa upande wa pili uko wazi na kasi imekwisha kupungua.

Baada ya ajali, dereva asimame mahali salama, awashe taa za tahadhari na aweke viakisi barabarani. Asimkaribie mnyama aliyejeruhiwa. Teke la pundamilia laweza kumwua mtu. Polisi waarifiwe, na ikiwa ni mnyama wa porini, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) pia. Wanaokimbilia kisu ili wajipatie kitoweo wajue kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaharamisha kupatikana na nyama ya mnyama wa porini, hata kama aliuawa na gari. Injini isiwashwe kabla ya kuhakikisha kwamba rejeta lina maji na feni inazunguka bila kugusa kitu, kwani mwendo wa dakika chache bila maji hugeuza hasara ya rejeta kuwa hasara ya injini nzima.

Mahali pengine suluhisho limetafutwa nje ya gari. Karibu na Mlima Kenya, njia ya chini kwa chini ilijengwa chini ya barabara ya Nanyuki kuelekea Meru, na tembo walianza kuitumia mwaka 2011. Reli ya kisasa ya Nairobi hadi Mombasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, nayo ina vivuko vya wanyama huko Tsavo. Katika sehemu kubwa ya barabara za nchi, hata hivyo, mnyama na gari bado hutumia lami moja.

Mfanyabiashara wa nyanya, basi, ana mambo mawili ya kupima. Bampa kamili la chuma, lililofungwa vyema kwenye chesisi, laweza kumfikisha sokoni usiku ambao punda au pundamilia ameingia mbele yake. Na kutoka Kimana hadi Emali, akishuka kutoka kilomita 90 hadi 60 kwa saa, atachelewa kama nusu saa tu. Nusu saa haiozeshi nyanya, na humpa nafasi ya kusimama pundamilia akapita.